Amana ya Mpiga Besi

Kioko alikuwa amebadilisha njia. Kutoka chumba chake cha mtaa wa Maweni, Malindi, hadi hotelini alikopigia muziki, mtu mwenye akili zake hahitaji kufikiri: unashuka hadi sokoni, unapenya katikati ya maduka ya mji wa kale, unatokea barabara ya ufuoni. Lakini Kioko sasa alizungukia nyuma ya machinjio, akiruka madimbwi ya maji machafu na kubwekewa na mbwa, viatu vyake vyeupe vya kazi amevishika mkononi visichafuke, kwa sababu moja tu ya kipuuzi. Katikati ya mji wa kale palikuwa na duka la Farjallah, na ukutani mwa duka la Farjallah, mahali ambapo hata mpita njia mwenye haraka angeona, lilining'inia gitaa.

"Mtu mzima mimi," alijiambia huku akijikung'uta tope. "Mke ninaye, mtoto ninaye, na ninakimbia gitaa."

Lilikuwa gitaa la besi, la Kimarekani. Mtaliano mmoja aliyefungua baa ya muziki, akaifunga baada ya msimu mmoja wa watalii, alimwachia Farjallah vitu vyake amuuzie: friji, feni, viti vya kukunja, na hilo. Friji ilinunuliwa siku ile ile. Viti vikaenda kwa watu wa harusi. Gitaa likabaki, mwili wake rangi ya asali katikati na rangi ya kahawa iliyoungua pembeni, shingo imenyooka, nyuzi zake nne zimelala sawasawa. Farjallah, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza redio na kuuza kaseti, alilipangusa kila asubuhi kwa kitambaa laini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akiifanyia bidhaa nyingine yoyote.

Ili mtu amwelewe Kioko, na si lazima amhurumie, ni vizuri ajue alikuwa anapiga nini. Vyombo vyote vya bendi vilikuwa vya tajiri, Bwana Ndirangu, mwenye baa mbili na lori. Bendi za miaka hiyo ya themanini zilikuwa hivyo: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na mwanamuziki anakuja na vidole vyake tu. Besi ya Ndirangu ilikuwa imepindwa shingo na unyevu wa bahari. Kimoja cha vichwa vya kukazia nyuzi kilivunjika zamani, kikabaki kijiti cha chuma, na Kioko alikikaza kwa koleo. Kila baada ya wimbo mmoja au miwili, watalii waliokuwa wanakula kamba na pweza walimwona mpiga besi anachomoa koleo mfuko wa nyuma kama fundi wa mabomba. Mjerumani mmoja alimpiga picha. Kioko alitabasamu kwenye ile picha, kwa sababu tajiri alikuwa anatazama, lakini moyoni alitamani kumkaza yule Mjerumani pua.

Tena kulikuwa na jambo la tuzo. Jumapili alasiri bendi iliwapigia wenyeji dansi kwenye ukumbi wa mjini, na mambo yakikolea watu waliinuka na noti mkononi, wakaja wakicheza hadi jukwaani, wakambandika mwanamuziki noti kwenye paji la uso lenye jasho. Randu, mwimbaji, kijana wa Marafa mwenye sauti tamu na mdomo mpana, alikuwa anabandikwa mpaka haoni mbele. Mpiga solo alibandikwa. Hata mpiga ngoma alipata chake. Kioko alisimama nyuma, karibu na spika kubwa, na miaka yote ile hakuna kiumbe aliyewahi kuvuka jukwaa kumfikia.

"Wewe, kaka, watu watajua upo siku utakayoacha kupiga," Randu alikuwa akimtania.

Basi lile gitaa la Farjallah Kioko hakulitamani kwa sauti yake peke yake. Alilitamani kwa sababu mtu mwenye kitu kama kile hakai nyuma ya spika. Na mtu mwenye chombo chake mwenyewe hamwogopi Ndirangu. Alikuwa ameshalipiga mara moja, hilo ndilo lililomponza. Farjallah alilishusha, akalichomeka kwenye spika iliyokuwa mezani kwa matengenezo, akasema, "Bwana Kioko, hebu nisikie tu kama lasema." Kioko aligusa uzi wa chini kabisa, na sauti ikaingia kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikatulia kifuani, nzito na safi. Alipiga mpaka wateja wa kaseti wakajaa mlangoni. Alipomaliza aliliweka mezani, akaondoka bila kuaga.

Na pesa alikuwa nazo. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Asingekuwa nazo angelitazama lile gitaa kama alivyotazama magari ya Wataliano, akapita zake. Lakini alikuwa amekusanya kwa muda mrefu, kwa kujinyima bia na kula maharagwe, na zile pesa zilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ililetwa kwa mdomo na mchonga vinyago mmoja wa kwao Wamunyu, aliyekuja Malindi kuuza twiga na vifaru vya mbao. Mkewe Kioko, Mwikali, alikuwa amemtuma maneno, na yule mchongaji aliyafikisha bila kuongeza chumvi, akiwa amesimama wima kama anatoa ushahidi. "Mwikali amesema hivi. Baada ya Krismasi, kabla shule hazijafunguliwa, anakuja na mtoto. Akikuta nyumba yenye mlango, atakaa. Akikuta mwanamuziki tu, atarudi na basi lile lile. Na amesema hatakuja tena."

Kila mwaka Kioko alikuwa amewaahidi kuwaleta pwani, kila mwaka pakazuka jambo. Binti yao Mutheu alikuwa ameshaanza shule, na baba yake alimjua kwa sikukuu za Krismasi tu, na hata Krismasi kwa mwanamuziki wa hoteli ni siku ya kazi. Mwikali si mwanamke wa vitisho. Akisema basi lile lile, ni lile lile.

Kulikuwa na vyumba viwili Maweni, vya mawe, vyenye mabati na mlango mzuri wa mninga, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi ya mbele. Pesa za Kioko zilitosha hiyo kodi na kitanda cha mtoto. Au zilitosha gitaa. Vyote viwili hazikutosha hata kwa kuzivuta.

Angezilipa siku ile ile, mambo yangeisha. Lakini wapangaji waliokuwa mle hawakuwa wametoka, mwenye nyumba alisema mpaka mwisho wa Desemba, na Desemba ilikuwa mbali. Pesa zikalala chini ya godoro, na Kioko akalala juu yake, akigeuka huku na huku. Zilikuwa zinamwita. Ndipo alipopata wazo aliloliona la hekima kupindukia.

Mlango wa pili kutoka duka la Farjallah aliishi shangazi yake Farjallah, Bi Mahfudha, mjane wa makamo. Watu wengi walimwekea amana: wapagazi wa sokoni, akina mama wa Kigiriama wauza maembe, wabara waliofanya kazi hotelini na kulipwa Jumamosi benki zikiwa zimefungwa. Hakuandika kitu. Kila mtu na kitambaa chake, kipande cha leso kuukuu kilichofungwa fundo, ndani ya kasha lenye kufuli la shaba, na haikusikika hata siku moja kwamba senti ilipotea. Mjini walisema kwa Bi Mahfudha pesa hazitoki. Kioko alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Hujambo?"

"Sijambo. Nimeleta amana." Akamkabidhi. "Lakini nina ombi. Nikija kuzitaka kabla ya Krismasi, usinipe. Hata nikilia, usinipe. Nimechanganyikiwa na lile gitaa la Farjallah."

Bi Mahfudha alimtazama kidogo, akachagua kipande cha leso ya buluu, akafunga fundo. "Mola akuafu," alisema, akaingia ndani na kitambaa chake.

Kioko aliondoka mwepesi. Alidhani wamepatana. Siku hiyo alipita mbele ya duka la Farjallah kifua mbele, akalitazama lile gitaa usoni kabisa, akasema, "Salaam aleikum," kwa dharau.

Raha hiyo haikudumu. Ndirangu aliileta bendi ya hoteli ya Bofa, kule Kilifi, ije ipige nao jioni moja, na mpiga besi wao, Baya, jamaa mrefu mpole, alikuwa na chombo kipya cha tajiri wake. Kioko alisimama karibu naye na koleo lake. Katikati ya wimbo uzi ukalegea, sauti ikaanguka kama ng'ombe anayeumwa na tumbo, na wageni wakacheka. Ndirangu, badala ya kuona haya, alisema mbele ya watu wote, "Kioko, wewe unaharibu vyombo vyangu."

Vyombo vyake! Kioko alihisi masikio yanamwaka. Kesho yake hakuzunguka machinjio. Alipita moja kwa moja kwa Farjallah, akisema moyoni anataka kuona tu.

"Bwana Kioko, umepotea sana," alisema Farjallah huku akipangusa. "Mimi nimekuwekea. Lakini ndugu yangu, nisikufiche. Baya wa Bofa ameliona. Alhamisi yuwaja kulichukua."

Ilikuwa Jumanne. Kioko alitoka pale kichwa kinamzunguka, na kabla hajafika mlango wa pili alikuwa ameshatunga hotuba nzima: mama yake mgonjwa, hospitali ya misheni, daktari anataka kulipwa kwanza, basi linaondoka sasa hivi. Alijua Bi Mahfudha atakataa, kwa hiyo akajiandaa kulia vilevile. Hapo hapo, sehemu nyingine ya moyo wake ilikuwa imekaa kitako inangoja kwa hamu akataliwe, yaishe.

"Bi Mahfudha, nimepata habari mbaya kutoka nyumbani. Mama yangu..."

Hotuba haikufika hata hospitalini. Bi Mahfudha alikuwa ameshainuka. Kufuli likalia, kasha likafunguka, na fundo la buluu likawekwa kiganjani mwake.

"Mola amponye," alisema. "Zi vile vile ulivyozileta."

Kioko alibaki amesimama na fundo mkononi. "Huniulizi?"

"Nikuulize nini?"

"Kama ni kweli!"

"Haya, ni kweli?"

"Si kweli!" Kioko alipayuka. "Mama yangu yuko shambani anapalilia mahindi, mzima kuliko mimi!"

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mahfudha, na kwa kweli uso wake ulikunjuka. "Umenitoa wasiwasi."

"Lakini nilikwambia usinipe! Nilikwambia hata nikilia!"

"Uliniambia. Na hata kulia hukulia."

"Sasa?"

"Sasa ni zako, mwanangu. Amana ikitakwa na mwenyewe hurudishwa. Mimi sina ruhusa hata ya kumuuliza yaendea wapi. Nikikuzuilia haki yako, kesho nitamjibu nini Mola? Kwamba Kioko mwenyewe alinituma nimdhulumu?"

"Mji mzima unasema kwako pesa hazitoki!"

"Hazitoki kwa asiye mwenyewe." Bi Mahfudha alifunga kasha. "Wewe wanitaka niwe kichwa chako. Kichwa chako unacho mwenyewe. Ukitaka nikunyime, sema ni za mtu mwingine. Hapo utalia hadi magharibi na sitakupa."

"Ni zangu! Nimezitolea jasho!"

"Basi chukua uende, uniondolee kelele. Nataka kuswali."

Watu gani hawa, Kioko alijiuliza akiwa nje juani. Watu gani wanaokupa vitu vyako bila hata kubishana kidogo? Kwao Wamunyu angempa shangazi yake hizo pesa, angekuja kuziomba, angetukanwa matusi ya nguoni, angefukuzwa kwa mwiko, na angelala salama. Hapa amepewa kwa heshima na dua juu yake. Alikuwa na hasira na Bi Mahfudha, na hasira na Farjallah, na hasira na yule Mtaliano aliyeshindwa kuendesha baa. Na miguu yake, wakati akiwa na hasira zote hizo, ilikuwa imeshaingia dukani.

Farjallah aliona fundo la buluu. Alijua biashara. Alilishusha gitaa, akalichomeka, akamkabidhi.

Kioko alipiga. Lilikuwa zuri kuliko mara ya kwanza, na hilo lilimuudhi pia, kwa kuwa alikuwa ametumaini kwamba alilikuza kichwani. Vidole vilikwenda vyenyewe. Akaanza kupanga. Chumba chake kinavuja pembe ya dirisha, na ukuta unatoa chumvi, kwa hiyo lisikae ukutani. Lisikae chini, kuna panya. Litalala kitandani, juu ya blanketi, na yeye atatandika mkeka sakafuni. Atanunua kufuli jipya. Atamwambia fundi amshonee mfuko wenye pamba ndani. Usiku wa mvua atalifunika kwa koti lake.

Vidole vikasimama.

Alikuwa ameshalipangia gitaa pa kulala, blanketi, mfuko na koti. Tangu yule mchongaji amletee maneno, hakuwahi hata siku moja kujiuliza Mutheu atalalia upande gani wa chumba, kama anaogopa giza, kama anahitaji blanketi zito au jepesi. Hakujua. Kitanda cha mtoto kilikuwa neno tu kichwani mwake, na gitaa alikuwa ameshalifunika. Aliona aibu kali sana, aibu ya mtu aliyekutwa uchi, na dukani humo hakuna aliyekuwa amemkuta ila yeye mwenyewe.

"Vipi, Bwana Kioko? Uzi umelegea?" aliuliza Farjallah.

"Hakuna uzi uliolegea! Ungelegea hata uzi mmoja ningekushukuru!" Alilichomoa, akamrudishia. "Wewe na ukuta wako mtaniua. Liuze! Mpe Baya! Mpe mtu yeyote!"

Alirudi mlango wa pili. Bi Mahfudha alikuwa bado juu ya msala wake wa kuswalia, na Kioko alingoja kizingitini, fundo mkononi, mpaka alipotoa salamu na kugeuka.

"Ni za Mwikali," Kioko alisema.

"Mwikali nani?"

"Mke wangu."

"Sema vizuri. Amana haiwekwi kwa mafumbo."

Kioko alivuta pumzi. Maneno yenyewe yalikuwa machache, lakini yalimtoka kwa uchungu wa jino. "Pesa hizi si zangu tena. Nimempa mke wangu Mwikali. Akija, apewe yeye."

Bi Mahfudha alifungua fundo la buluu, akachukua kipande kingine cha leso, chekundu, akazifunga upya. "Vyema," alisema.

Mtu angetegemea hadithi imeishia hapo, na Kioko amekuwa mtu mwema. Hata kidogo. Jumatatu iliyofuata koleo liliteleza, uzi ukakatika ukamchapa shavuni mbele ya meza ya Waswisi, na kesho yake saa nne asubuhi alikuwa kwa Bi Mahfudha, akisema amebadili mawazo, anataka pesa zake.

"Zako zipi? Huna kitu hapa, mwanangu."

Alieleza. Alibembeleza. Akasema mke wake ndiye aliyemtuma. "Aje mwenyewe," alijibiwa. Akasema ni dharura. Mwishowe, kwa hasira, uchovu na ile alama ya uzi iliyokuwa inamwasha shavuni, machozi yakamtoka kweli, si ya kuigiza. Bi Mahfudha alimletea kahawa chungu na halua kwenye kisahani, akakaa pembeni yake akipunga upepo mpaka alipomaliza kulia. Kioko aliila ile halua yote kwa ghadhabu.

Baya naye alikuja mjini siku moja kuazima vipaza sauti, akampa mkono. "Hongera, ndugu. Farjallah ameniambia Ijumaa unalichukua."

"Mimi? Mimi aliniambia wewe unalichukua Alhamisi!"

Walitazamana. Baya aliangua kicheko akashika mbavu. Kioko hakuona cha kuchekesha.

Mwisho wa Desemba ukafika, wapangaji wakatoka, na mwenye nyumba akamwita Kioko alete kodi. Hapo ndipo Kioko alipotambua alichojifanyia. Pesa zilikuwa za Mwikali, na zisingeweza kupewa mtu mwingine, hata mwenye nyumba. Alikwenda kwa Bi Mahfudha, safari hii na shida ya kweli, jambo la haki, jambo lenyewe lililokusudiwa. "Aje mwenyewe," alisema Bi Mahfudha. Kioko alijigonga kichwa kwenye nguzo ya mlango. Ikabidi amwombe mwenye nyumba kama mtu anayeomba asinyongwe, na mwenye nyumba akakubali kungoja hadi siku ya basi, si zaidi.

Mwikali alishuka kwenye basi akiwa na sanduku la bati kichwani, kiondo begani na Mutheu mkononi. Hakukumbatia mtu. Alitua sanduku, akajifuta uso.

"Umeshindaje?" alisema. "Mlango uko wapi?"

"Upo. Ni mzuri, wa mninga. Lakini sijaulipia."

Mwikali aliinama akashika mpini wa sanduku.

"Pesa ninazo," Kioko aliendelea haraka, akisikia mwenyewe jinsi maneno yanavyonuka. "Yaani si zangu. Ni zako. Kuna mama anazo, lakini kwangu amekataa kuzitoa."

Mwikali akamgeukia utingo aliyekuwa anashusha mizigo. "Kijana, hili basi linarudi saa ngapi?"

"Baada ya saa moja, mama."

"Niwekee viti viwili."

"Mwikali, nakuomba!" Kioko alishika sanduku. Sauti yake ilipasuka, na watu wa stendi wakageuka, na hakujali. "Nyumba moja tu. Si mbali. Ukitoka pale na mikono mitupu nitakubebea sanduku hili kwa mikono yangu hadi kwenye basi."

Wakaenda. Bi Mahfudha aliwapokea, akaagiza maji, akawakalisha mkekani. Kisha akamgeukia Kioko. "Nitajuaje kama ndiye? Wewe umeshanidanganya juu ya mama yako mzazi." Akamvuta mtoto karibu naye. "Haya wewe, mamako aitwa nani?"

"Mwikali," alisema Mutheu.

"Na huyu je, ni nani?"

Mutheu alimtazama Kioko, akageuza shingo, akafikiri kwa uaminifu wote wa mtoto. "Ni mtu wa gitaa."

Kioko alitazama vidole vyake vya miguu. Hakuna tusi la Ndirangu lililowahi kumwingia hivyo. Bi Mahfudha alikwenda kwenye kasha, akarudi na fundo jekundu, akaliweka katika kiganja cha Mwikali na kukifunga kwa mikono yake miwili.

"Amana yako, mwanangu. Alikupa kwa kinywa chake. Kisha akaja kuitaka, nikamnyima. Akalia."

"Alilia?"

"Alilia sana. Nikampa halua."

Mwikali alilipima fundo mkononi. "Alizitaka za nini?"

Bi Mahfudha aliashiria kwa kidevu upande wa duka la Farjallah. Walipotoka, Mwikali alisimama mbele ya lile duka, Kioko nyuma yake na sanduku kichwani, na akalitazama gitaa lile kwa muda mrefu. Farjallah akatoa kitambaa chake laini, akaanza kulipangusa.

"Ni zuri," alisema Mwikali. "Kumbe ni zuri kweli." Kisha akamshika mtoto mkono. "Twende tukaone huo mlango."

Basi liliondoka bila wao. Jumapili ya kwanza, Mwikali alikuja kwenye dansi la alasiri, gauni lake la kanisani, Mutheu pembeni na soda. Aliketi nyuma karibu na ukuta na hakucheza. Ukumbi ulikuwa umekolea. Randu alikuwa na noti hadi kwenye nyusi, anaimba macho yamefumbwa. Kioko alikuwa nyuma ya jukwaa, karibu na spika, na besi ya Ndirangu, na koleo.

Ndipo akamwona mkewe anainuka. Alikuja polepole katikati ya wachezaji, ameshika noti, na Randu, aliyezoea, akainamisha paji la uso tayari. Mwikali akampita. Mpiga solo akasogea mbele kidogo. Akampita naye. Akaruka nyaya, akazunguka ngoma, akafika mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika, akambandika Kioko ile noti katikati ya paji la uso na kuikandamiza kwa kidole gumba.

Vidole vya Kioko vikasahau kazi. Besi ikanyamaza, na wimbo wote ukaanguka chini yake. Ngoma ikatangatanga, solo ikapotea, wachezaji wakakanyagana na kusimama, na Randu akafumbua macho. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mpiga besi.

Mwikali alimwinamia sikioni.

"Piga, watu wanangoja," alisema. "Na hiyo noti usiipeleke kwa Farjallah."